Kinu Kikipigwa, Nani Atafika Uyombo?

 Leo nataka tuzungumze jambo ambalo huku kwetu Kilifi tumelizungumza nusu tu. Kinu cha nyuklia kilichopangwa kujengwa Uyombo tumekijadili sana. Tumejadili samaki, mikoko ya Mida, kasa wa Watamu, fidia ya mashamba, taka zitakakotupwa na ajira zilizoahidiwa. Yote hayo yalistahili kujadiliwa. Lakini swali moja halijapata nafasi yake. Kinu kikishasimama, halafu siku moja kikapigwa bomu au kombora, dunia itafanya nini? Nani atakuja kwetu, na atakuja na nini mkononi?

Swali hili silitoi hewani. Tarehe 13 Juni 2025 Israeli ilianza kuishambulia Iran, na miongoni mwa vilivyopigwa ni vituo vya nyuklia vya Natanz na Isfahan. Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 22 ikaingia Marekani. Ndege zake za B-2 zilidondosha mabomu 14, kila moja lina uzito wa zaidi ya tani 13, juu ya Natanz na juu ya Fordow, kituo kilichochimbwa ndani ya mlima. Isfahan ikapigwa kwa makombora yaliyofyatuliwa kutoka nyambizi. Siku mbili baadaye mapigano yakasimamishwa.

Huku kwetu vita vile vilionekana viko mbali, lakini havikuwa mbali hivyo. Vijana wetu wa Kilifi na Malindi wako Doha, Dubai, Dammam na Muscat. Tarehe 23 Juni, Iran ilipojibu kwa kurusha makombora kwenye kambi ya Marekani ya Al Udeid nchini Qatar, anga ya Qatar ilikuwa imefungwa, na mama aliyekuwa na binti kazini Doha hakulala usiku ule. Mafuta yetu ya petroli na dizeli hutoka Ghuba hiyohiyo, kwa makubaliano ambayo serikali yetu iliyafunga mwaka 2023 na kampuni za Saudi Arabia na za Falme za Kiarabu. Katikati ya Julai 2025 mamlaka ya kudhibiti nishati ilitangaza bei mpya, na petroli ikapanda kwa karibu shilingi 9 kwa lita. Mvuvi wa Mayungu anayetia mafuta kwenye mashine ya boti yake alilipa sehemu yake ya vita ambavyo hakuna aliyemuuliza maoni yake juu yavyo.

Na hilo lilikuwa ndilo jepesi. Zito lilikuwa Bushehr. Bushehr ni kinu cha umeme cha Iran, kiko ukingoni mwa Ghuba, kinafanya kazi, na ndani yake mna fueli ya nyuklia inayowaka. Tarehe 19 Juni msemaji wa jeshi la Israeli alisema wamekipiga, kisha ikaelezwa kwamba kauli ile ilitolewa kwa makosa. Kesho yake Rafael Grossi, mkurugenzi mkuu wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, aliliambia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwamba kinu kile kikipigwa moja kwa moja, mionzi mingi sana itamwagika nje. Nchi za Ghuba hunywa maji ya bahari yaliyosafishwa chumvi. Miezi mitatu kabla ya hapo, Waziri Mkuu wa Qatar alikuwa ameeleza kwamba bahari ile ikichafuliwa kwa mionzi, nchi yake itaishiwa maji katika siku tatu. Siku tatu, wasikilizaji, na katika nchi tajiri kama Qatar.

Sasa tuitazame dunia ilijibu nini, maana hapo ndipo penye fundisho letu. Tuanze nyuma kidogo.

Tarehe 7 Juni 1981 ndege za Israeli ziliruka hadi karibu na Baghdad, zikaharibu kinu cha Osirak ambacho Ufaransa ilikuwa ikiijengea Iraq. Walikufa askari kumi wa Iraq na fundi mmoja Mfaransa. Bahati ni kwamba fueli ilikuwa haijatiwa ndani, kwa hiyo mionzi haikumwagika. Siku 12 baadaye Baraza la Usalama lilikutana na kupitisha azimio namba 487, na wanachama wote 15 wakapiga kura ya kuliunga mkono. Marekani iliinua mkono. Urusi, iliyokuwa bado ni Umoja wa Kisovieti, iliinua mkono. Na kwenye viti vya Afrika, pamoja na Niger na Tunisia, alikaa jirani yetu Uganda, ambayo balozi wake Umoja wa Mataifa wakati huo alikuwa Olara Otunnu. Uganda nayo iliinua mkono. Kwa hiyo Afrika Mashariki imo ndani ya uamuzi ule, na hatuwezi kusema kwamba mambo haya ni ya wakubwa peke yao.

Azimio lile lilikuwa na maneno mazito. Lililaani shambulio kuwa ni uvunjaji wa wazi wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Lilisema Iraq ina haki ya kufidiwa. Liliitaka Israeli iweke vituo vyake vya nyuklia chini ya ukaguzi wa IAEA. Mwaka uliofuata mkutano mkuu wa IAEA ukaikatalia Israeli hati zake za uwakilishi, na Marekani kwa hasira ikatoka nje na kusimamisha ushiriki wake kwa miezi kadhaa. Ulikuwa ukali ambao hatujauona tena.

Lakini ukali ule ulizaa nini? Fidia haikulipwa. Kituo cha Israeli cha Dimona hadi leo hakiko chini ya ukaguzi ule. Nalisema hili kwa uchungu, maana azimio la 1981 ndilo jibu bora kuliko yote ambayo dunia imewahi kuyatoa kwa shambulio la namna hii, na jibu hilo bora halikumpa mtu yeyote hata shilingi wala halikumzuia yeyote kurudia. Tarehe 6 Septemba 2007 ndege za Israeli zilipiga jengo la Al Kibar, mashariki mwa Syria, ambalo IAEA baadaye ilisema yaelekea sana lilikuwa kinu cha nyuklia. Safari hiyo Baraza la Usalama halikuketi kulijadili. Ilipita zaidi ya miaka kumi kabla ya Israeli yenyewe kukiri hadharani.

Kisha ikaja zamu yetu. Mwaka 2021 na 2022 Kenya ilikuwa na kiti katika Baraza la Usalama, na balozi wetu alikuwa Martin Kimani. Wengi mnamkumbuka kwa hotuba yake ya Februari 2022 kuhusu mipaka ambayo Afrika iliachiwa na wakoloni. Siku chache baada ya hotuba ile, usiku wa tarehe 4 Machi, majeshi ya Urusi yaliteka kinu cha Zaporizhzhia nchini Ukraine, kikubwa kuliko vyote barani Ulaya, chenye mitambo sita. Makombora yaliwasha moto kwenye jengo la mafunzo ndani ya eneo la kinu. Baraza liliitwa siku hiyohiyo, na Kenya ikiwa mezani. Lakini Urusi ina kura ya turufu, na mwenye kosa akiwa ndiye mwenye kura hiyo, Baraza hubaki kuwa mahali pa kusemea tu.

Naomba tukae kidogo hapa Zaporizhzhia, maana mahali hapa panatufundisha kuliko Iran. Watu wengi hudhani hatari ya kinu ni bomu kuangukia mtambo wenyewe na kulipuka kama Hiroshima. Kinu cha umeme hakilipuki namna ile. Hatari yake ni joto. Hata mtambo ukizimwa, fueli iliyo ndani yake huendelea kutoa joto kwa muda mrefu, na fueli iliyokwisha kutumika hulazwa ndani ya madimbwi ya maji kwa miaka. Maji lazima yazunguke. Ili yazunguke lazima pampu zifanye kazi, na ili pampu zifanye kazi lazima umeme uingie kutoka nje. Kwa hiyo adui hana haja ya kupiga kinu. Akikata nyaya za umeme, akaharibu jenereta, akavunja bwawa la maji, kazi imekwisha. Fukushima, kule Japani, mwaka 2011, hapakuwa na adui. Palikuwa na tetemeko na mawimbi ya tsunami yaliyozima umeme na kuzamisha jenereta. Mambo mengine yakafuata yenyewe.

Zaporizhzhia imekatikiwa umeme wa nje mara nyingi tangu vita vianze. Juni 2023 bwawa la Kakhovka, ambalo ndilo lililokipa maji, lilibomolewa. Septemba 2025 nyaya zilikatika tena, na kwa muda wa karibu mwezi mzima kinu kile kiliishi kwa jenereta za dizeli. Na wafanyakazi wake, watu wa nyumba na watoto, wamekuwa wakienda zamu chini ya bunduki za jeshi lililowateka.

Dunia ilijibuje? Hapa nataka niwe mwadilifu, maana kuna lililofanyika. Grossi aliandika misingi saba ya usalama wa kinu wakati wa vita. Tarehe 1 Septemba 2022 alikwenda mwenyewe, akavuka mstari wa mapigano, akawaacha wakaguzi wake ndani ya kinu, na wakaguzi wa shirika lake wameendelea kupokezana zamu pale. Umoja wa Ulaya uliipelekea Ukraine vidonge milioni 5.5 vya madini joto, vile vinavyokinga tezi la shingo lisinyonye madini joto yenye mionzi. Hii ni kazi ya kweli na naiheshimu. Lakini mkutano wa mwaka huohuo wa kupitia Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia ulivunjika bila tamko, kwa sababu Urusi ilikataa maneno yaliyohusu Zaporizhzhia. Na Julai 2024, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopiga kura kuitaka Urusi iondoke kwenye kinu kile, nchi 99 ziliunga mkono, 9 zikapinga na 60 zikajizuia. Jeshi halikuondoka.

Sasa rudini nami Juni 2025. Baraza la Usalama liliketi tarehe 13, likaketi tarehe 20, likaketi tarehe 22. Jirani yetu Somalia alikuwa na kiti safari hii. Urusi, China na Pakistan zilisambaza rasimu ya kutaka mapigano yasimame. Hakuna azimio lililopitishwa kulaani mashambulio yale. Urusi, yenye jeshi lake ndani ya kinu cha Zaporizhzhia, iliwalaumu wenzake kwa kushambulia vituo vya nyuklia. Marekani, iliyoinua mkono mwaka 1981, sasa ndiyo iliyopiga. Septemba 2025, katika mkutano mkuu wa IAEA mjini Vienna, Iran ilileta rasimu ya kukataza mashambulio kwenye vituo vya nyuklia, Marekani ikashinikiza upande wa pili, na mwishoni Iran ikaiondoa rasimu yake kabla ya kura.

Siitetei Iran. Tarehe 12 Juni, siku moja kabla ya mabomu, bodi ya IAEA ilikuwa imepitisha kwamba Iran imekiuka wajibu wake wa ukaguzi, kwa kura 19 dhidi ya 3 huku nchi 11 zikijizuia. Yalikuwapo maswali halali ambayo Iran ilitakiwa kuyajibu. Lakini baada ya mabomu, bunge la Iran lilipitisha sheria ya kusimamisha ushirikiano na wakaguzi, na ikaanza kutumika Julai 2. Waliodai kwamba wanataka kujua kilichomo ndani ya vituo vile wakabaki wakijua kidogo kuliko mwanzo. Mimi nasema shambulio lile lilikuwa kosa, kama la Osirak lilivyokuwa kosa, na kama kuteka Zaporizhzhia kulivyo kosa. Kosa halibadiliki jina kwa sababu mkosaji ni rafiki.

Mtu atauliza, je, hakuna sheria? Ipo. Ipo hata zaidi ya moja, na ni vizuri mwananchi wa Kilifi azijue.

Ya kwanza ni itifaki ya 1977 iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva. Kifungu chake cha 56 kinakataza kushambulia mabwawa, kingo za maji na vinu vya umeme wa nyuklia ikiwa shambulio litamwaga hatari juu ya raia. Lakini kifungu hicho kina mlango wa nyuma. Kinga huondoka kama kinu kinatoa umeme unaosaidia moja kwa moja shughuli za jeshi, na kama kukishambulia ndiyo njia pekee ya kukatisha msaada huo. Tena kinataja vinu vya umeme tu. Kiwanda cha kurutubisha urani kama Natanz hakimo. Na Marekani, Israeli na Iran hazijaidhinisha itifaki hiyo.

India na Pakistan walikwenda njia nyingine. Mwisho wa mwaka 1988 walitia saini ahadi ya kutoshambuliana vituo vya nyuklia, na tangu 1992, kila Januari mosi, hupelekeana orodha ya vituo vyao. Wamepigana Kargil, wamerushiana makombora Mei 2025, na orodha zimeendelea kwenda. Majirani wawili wanaochukiana wameweza kufanya hivyo kwa karatasi moja fupi.

Na sisi Waafrika tuna sheria yetu, ambayo nashangaa haitajwi kwenye mikutano ya Uyombo. Ni Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa saini mjini Cairo tarehe 11 Aprili 1996 na kuanza kazi tarehe 15 Julai 2009. Kwa mkataba huo Afrika ilijitangaza kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Kenya ni mwanachama, Tanzania ni mwanachama. Kifungu chake cha 11 kinakataza kila nchi mwanachama kushambulia kituo cha nyuklia kilichomo Afrika, iwe kwa silaha za kawaida au nyinginezo, au kumsaidia mwingine kufanya hivyo, au hata kumhimiza.

Waliouandika walijua wanachokisema. Desemba 1982 kinu cha Koeberg karibu na Cape Town, kikiwa bado kinajengwa, kilitikiswa na mabomu manne yaliyotegwa ndani yake. Aliyeyatega alikuwa Rodney Wilkinson, mfanyakazi wa palepale aliyekuwa upande wa Umkhonto we Sizwe, jeshi la chama cha ANC lililopigana na ubaguzi wa rangi. Hakuna aliyekufa. Mabomu yalitegwa kabla ya fueli kutiwa, kwa makusudi, ili watu wa Cape Town wasidhurike. Wapiganaji wale walikuwa na nia njema na walichunga maisha ya raia, nami nawaheshimu kwa hilo. Lakini tukio lile linatuambia kwamba ulinzi wa kinu hauishii kwenye ukuta wa nje, kwa sababu aliyeingiza mabomu Koeberg alikuwa na kitambulisho cha kazi.

Mkataba wa Pelindaba una upungufu mmoja mkubwa. Kifungu cha 11 kinawafunga Waafrika peke yao. Mataifa makubwa yenye silaha za nyuklia yaliombwa kutia saini itifaki za pembeni, na itifaki hizo zinawataka waahidi kutotumia silaha za nyuklia dhidi yetu na kutozijaribu kwenye ardhi yetu. Hazisemi lolote kuhusu bomu la kawaida juu ya kinu chetu. Na hata hizo, Marekani ilitia saini lakini Seneti yake haijaziidhinisha. Maana yake ni hii: Kenya imeahidi kutoshambulia kinu cha Afrika Kusini, na Afrika Kusini imeahidi kutoshambulia cha Kenya, ilhali walioonyesha kwamba wanaweza kuvuka bahari kwenda kupiga vinu hawajaahidi katika mkataba huu kwamba hawatapiga vya Afrika.

Hapo ndipo nataka turudi Uyombo. Wakala wa Nyuklia na Nishati, NuPEA, ulioundwa kwa sheria ya nishati ya 2019, ulipanga kinu cha megawati 1,000, ujenzi uanze 2027 na umeme utoke 2034. Uyombo iko kusini mwa mlango wa Mida, ng'ambo ya Watamu. Ajali ya kinu cha Chernobyl iliwahamisha watu katika duara la kilomita 30 kila upande. Chukua duara hilo uliweke Uyombo. Linaimeza Matsangoni, Mida, Gede na Watamu, linaumeza msitu wa Arabuko Sokoke kwa sehemu kubwa, linafika Malindi mjini, na ukingo wake unakaribia Kilifi mjini. Gede, mji wa kale ambao UNESCO iliuandika kuwa urithi wa dunia mwaka 2024, uko ndani. Hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyokuwapo tangu 1968, iko ndani.

Sasa fikiria kuwahamisha watu wa duara hilo. Barabara kuu ni moja, ile ya Mombasa kwenda Malindi. Anayekimbilia kusini atapita daraja la Kilifi. Anayekimbilia kaskazini atapita daraja la Sabaki. Iko barabara ya kuingia bara kuelekea Sala na Tsavo, na anayeifahamu anajua haiwezi kubeba umma wa Malindi kwa siku moja. Anayeshambulia kinu anaweza pia kuvunja daraja. Ziara za wataalamu kutoka Vienna zimefanyika hapa nchini mwaka 2015 na 2021, zikakagua maandalizi ya Kenya, na ni jambo jema. Lakini mama wa Matsangoni anahitaji kujua atapitia wapi na watoto wake, nani atampa kidonge cha madini joto, na zahanati ipi itakuwa na mtu anayejua kupima mionzi.

Wapo watakaosema nawatisha watu, kwamba Kenya haina adui wa kurusha ndege. Nawajibu kwa historia ya hapahapa. Mwaka 1940 ndege za Italia zilidondosha mabomu Malindi, mji uliokuwa hauna ugomvi wowote na Roma isipokuwa kwamba ulikuwa chini ya Mwingereza. Tarehe 28 Novemba 2002, Kikambala, ndani ya kaunti hii hii, hoteli ililipuliwa na Wakenya wenzetu wakafa, na saa hiyohiyo makombora mawili yakarushiwa ndege ya abiria iliyokuwa ikiruka kutoka uwanja wa Mombasa. Tarehe 5 Januari 2020 kambi ya Manda, Lamu, ilivamiwa alfajiri ikiwa na wanajeshi wa Marekani ndani yake. Katika yote hayo, vita vya watu wengine ndivyo vilivyotufuata nyumbani.

Na kinu hujengwa kikae miaka sitini au zaidi. Ujenzi wa Zaporizhzhia ulipoanza mwaka 1980, Urusi na Ukraine zilikuwa nchi moja. Mhandisi aliyesema siku ile kwamba jeshi kutoka Moscow litakuja kukiteka kinu kile angeonekana mwenda wazimu. Hakuna mtu Nairobi leo anayeweza kutuapia majirani zetu watakuwa nani mwaka 2090, wala Kenya itakuwa imejipanga na nani.

Natambua hoja ya upande wa pili. Nchi inataka umeme, viwanda vinataka umeme usiokatika, na wapo wahandisi wetu waliosomea kazi hii kwa moyo. Lakini tuna mvuke wa Olkaria unaotupa zaidi ya thuluthi moja ya umeme wetu, tuna upepo wa Turkana, tuna jua la Garissa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho kikipigwa bomu kinawahamisha watu wa mji mzima.

Mei 2024 watu wa Uyombo walitoka kuandamana kukipinga kinu, wakakutana na rungu na gesi ya kutoa machozi. Walikuwa tayari wamepeleka ombi lao Seneti kwa msaada wa shirika la haki za mazingira linaloongozwa na Phyllis Omido, mama yuleyule aliyepigania watu wa Owino Uhuru waliotiwa sumu ya madini ya risasi. Mwaka uliofuata macho ya serikali yakageukia Siaya, kwenye Ziwa Viktoria. Wengine huku wakashusha pumzi. Mimi nawaomba msishushe bado. Ziwa lile wananywa Wakenya, Waganda na Watanzania, na mkondo wake ndio Nile. Uganda nayo inapanga kinu chake Buyende, kando ya Ziwa Kyoga. Mvuvi wa Rarieda, huko Siaya, ana haki ya kuuliza maswali yaleyale ambayo mvuvi wa Uyombo aliuliza, na sisi wa pwani tuliotangulia kuyauliza tuna wajibu wa kumpa sauti.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wabunge wetu, kwa seneta wetu na kwa bunge la kaunti ya Kilifi. Kabla ya jiwe la msingi kuwekwa popote Kenya, mpango wa kuhamisha watu usomwe hadharani kwa Kiswahili, barabara kwa barabara na daraja kwa daraja, na uwe na bajeti yake. Serikali ipeleke kwenye Umoja wa Afrika pendekezo kwamba kila taifa linalotaka kutuuzia kinu, liwe China, Urusi, Marekani, Korea Kusini au Ufaransa, litie kwanza saini ahadi ya kutoshambulia kinu chochote kilichomo Afrika kwa silaha ya aina yoyote. India na Pakistan waliandika ahadi yao wakiwa maadui, na muuzaji anayejiita rafiki hana sababu ya kushindwa. Na Kenya itakapoketi tena kwenye Baraza la Usalama, ilaani shambulio juu ya kinu bila kutazama nani amelifanya.

Asiyetaka kutia saini ahadi hiyo, tusinunue kwake.